Farasi Aliyetukanwa na Shangazi

Al Rayyan, Qatar
8 Novemba 2024

Kwako Shangazi Phoebe,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye joto, ingawa siku hizi limepungua na mtu anaweza kugusa mlango wa gari bila kupiga kelele. Mimi ni mzima. Goti lako linaendeleaje? Na Baba je? Nilimpigia simu Jumapili, akasema "tuko sawa," halafu akanyamaza mpaka bando langu likaisha. Yule ng'ombe anayemkanyaga kila anayemkama, mlimuuza au bado anakanyaga?

Najua simu tuliyokununulia umeifungia kabatini, kwa hoja yako kwamba simu imewafanya watu wasahau kusalimiana. Basi barua hii inaletwa na Nick, ninayelala naye chumba kimoja, anakwenda likizo kwao Kitale. Mpe chai. Akiomba ya pili mpe pia, ni mtu mzuri.

Habari kubwa ni hii: nimetolewa kule kwenye maduka nilikokuwa nikilinda mlango, nimepelekwa uwanja wa mbio za farasi, hapa hapa Al Rayyan. Nasimama kando ya ule uwanja mdogo ambamo farasi huzungushwa kabla ya mbio ili watu wawatazame. Siku ya kwanza nilipowaona nilikukumbuka mpaka nikashikwa na machozi. Miaka yote uliyowapikia masaisi, wale watunza farasi, pale uwanja wa mbio wa Ngong Road, ukitoka jikoni kila Jumapili na mwiko mkononi kuwatangazia watu nani atashinda! Na mimi niko hapa, sijui hata farasi anatazamwa upande gani.

Huku kamari ni marufuku kabisa. Ila watazamaji hupewa kadi ya bure, wanaandika nani atashinda kila mbio, na anayepatia zote hupewa zawadi. Sisi walinzi haturuhusiwi kujaza, lakini watu wetu wa kazi nyingine walio mapumziko hujaza. Nilifanya kosa la kutaja chumbani kwamba nina shangazi anayejua farasi. Sasa sina amani. Nick kila jioni ni, "Buda, si uulize huyo Shangazi atupe form?" Tafadhali tuandikie mshindi anachaguliwaje.

La mwisho, nalo ni dogo tu. Kuna msichana anaitwa Scovia. Ni wa ng'ambo ya mpaka pale Lwakhakha, kwa Wamasaba, kwa hiyo ni kama nyumbani. Anafua na kupiga pasi katika hoteli moja na anakaa Fereej Bin Mahmoud. Nimemwambia Baba, naye akasema, "Muulize Shangazi." Wewe mwenyewe unajua kwetu hakuna ng'ombe wa mahari anayetoka bomani kabla shangazi hajasema neno lake. Nalingoja hilo neno.

Kijana wako,
Levis


Chwele
1 Desemba 2024

Levis, mwana wa kaka yangu,

Barua imefika na huyo Nick amefika. Mimi sihesabu chai ya mgeni, lakini birika lililia.

Goti ni lile lile. Baba yako ni yule yule. Ng'ombe hatukumuuza, tumemwachia baba yako amkame, maana yeye hata akikanyagwa hasemi. Paa la kanisa limeezuliwa na upepo. Mchungaji anasema ni shetani, mimi nasema ni misumari mibovu, na tangu niseme hivyo hajanisalimu. Mahindi yamekauka vizuri.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Umeniandikia karatasi nzima kuhusu farasi na hukunitajia sikio hata la farasi mmoja! Ndivyo nilivyokulea?

Wasiojua kitu huchagua farasi kwa rangi na jina. Wanaojua nusu hushika karatasi na kusoma alikuwa wa ngapi mara ya mwisho, amebebeshwa uzito gani, anatokea geti la ngapi, anakimbia kwenye nyasi au mchanga. Mimi karatasi sikuishika hata siku moja. Mimi humtazama farasi mwenyewe. Masikio yawe mbele, yanasikiliza. Akizungushwa, mguu wa nyuma ukanyage mbele ya alama ya mguu wa mbele, hapo unajua ana hatua ndefu. Akitoka povu mapajani kabla ya kufungiwa tandiko, huyo amekwisha kuzikimbia mbio zake moyoni, mwache. Lakini la kwanza kuliko yote ni uso. Mshindi ana uso wa mtu aliyekuja kudai shamba lake. Nyota njema huonekana asubuhi, na farasi mwema huonekana kabla hajapandwa.

Pale Ngong Road walinijua. Tajiri mmoja mwenye farasi alikuja mwenyewe mpaka jikoni, kofia mkononi, kunisihi nisimtaje farasi wake kwa kinywa changu siku ya mbio. Akaniachia mguu mzima wa mbuzi. Unaona? Aliogopa nikimtaja watu wote watajua.

Niandikie farasi watatu unaowaona mara kwa mara, kila mmoja na tabia zake. Nick atarudi na barua hii, nimemwambia asiikalie ndani ya basi.

Yale mengine nimeyasoma.

Shangazi yako,
Phoebe


Al Rayyan
20 Desemba 2024

Kwako Shangazi mpendwa,

Heri ya Krismasi inayokuja. Sisi ni wazima, ila mwenzetu mmoja aling'olewa jino akatuonyesha wote. Nafurahi kwamba mahindi yamekauka. Mchungaji atakusalimu tu, mpe muda, na ikiwezekana umpe misumari.

Barua yako ilisomwa chumbani kwa sauti. Nilianza kuisoma peke yangu, wenzangu wakakataa. Wesley, yule mrefu wa Webuye, alisema maneno ya uso na shamba aliyasikia mpaka kwenye mifupa.

Farasi ni hawa, na wote watatu watakimbia pamoja katikati ya Januari, mita elfu mbili, kwenye nyasi. Wa kwanza ni Shamsan, mwekundu, miguu myeupe kama amevaa soksi. Masikio mbele, shingo juu, anapozungushwa hatazami mtu. Wa pili ni Rimal, wa kahawia, mkimya, sina la kusema juu yake, ananikumbusha Baba. Wa tatu ni Dukhan, wa kijivu. Shangazi, huyu hupiga miayo. Akisimamishwa anapumzisha mguu mmoja na kufumba macho, na saisi wake humvuta kwa mikono miwili. Halafu kwenye karatasi yeye ndiye aliyebebeshwa uzito mkubwa kuliko wote, sijui ni adhabu ya kosa gani.

Kuhusu lile jambo dogo, hukuniuliza, lakini nitakwambia. Scovia ni mwembamba, si mrefu. Anatembea haraka. Anacheka kabla mzaha haujaisha, kisha anaomba umalizie. Mkataba wake unakwisha mwezi wa nne na atarudi kwao. Huko naye ana shangazi yake, na huyo shangazi ana mwalimu mmoja wa Bubulo, mwenye pikipiki, anayepita pale nyumbani "kusalimia." Kama watu wetu hawatakuwa wamefika kufikia wakati huo, mwalimu ataacha kusalimia na ataanza kuongea. Kwa hiyo neno lako lina haraka kidogo.

Wako,
Levis


Chwele
5 Januari 2025

Levis,

Mwaka mpya umeingia salama. Mchungaji alikuja kula Krismasi, nikampa misumari ndani ya bahasha. Amenisalimu. Goti limetulia. Baba yako alisema maneno siku ya Krismasi, alisema "nyama imeiva," tukafurahi wote.

Mbio zako nimezitazama kwa macho ya moyo mara nyingi, hata uji ukaungua. Sikiliza sasa.

Shamsan. Huyu ndiye, wala usihangaike. Mita elfu mbili zinataka farasi anayejiheshimu, na huyu anajiheshimu. Atakaa wa tatu au wa nne mpaka kona ya mwisho, joki atamwachia, na wengine watabaki wakiuliza njia. Sijapata kuwa na uhakika hivi tangu nitoke Ngong Road.

Rimal atakuwa wa pili. Wakimya hufika, ila hawatangulii.

Huyo Dukhan ni aibu. Mnawalisha nini huko? Farasi anayepiga miayo mbele ya watu hana adabu na hana pumzi. Mzigo waliombebesha ni wa haki kabisa, mvivu apewe kazi. Akifika kabla ya giza ashukuru. Na nikwambie jambo jingine, hatashinda mbio zozote maisha yake yote. Andika mahali.

Sasa huyo msichana. Nimesoma maelezo yako na nimemwona. Ni mwepesi mno. Ndoa si mbio fupi, ni mbio ndefu, kwenye matope, na mzigo mgongoni. Anayetembea haraka mwanzoni huchoka kwenye kona. Anayecheka kabla ya mzaha kuisha ataishiwa kicheko kabla ya maisha kuanza. Kutangulia si kufika, Levis. Huyu hatafika. Mwache mwalimu wa Bubulo ampakie kwenye pikipiki yake, wewe tafuta mwenye mifupa.

Hilo ndilo neno. Baba yako nimekwisha kumwambia.

Shangazi yako,
Phoebe


Al Rayyan
31 Januari 2025

Kwako Shangazi,

Salamu kwa wote. Tulikuwa na baridi wiki hii, Wesley alilala na koti la kazi. Yeye ndiye anayekuletea barua hii, anakwenda kumzika babu yake. Mpe pole. Na tafadhali, ni mtu wa maneno mengi, usiyachukue yote.

Mbio zilikimbiwa. Shamsan alionekana vizuri sana. Wenzake walikuwa wamesongamana huko mbele, huwezi kujua nani ni nani, lakini yeye kila mtu aliweza kumtazama kwa nafasi, kwa kuwa alikuwa peke yake. Rimal alikuwa katikati na watu wake. Dukhan naye alifika. Alifika mapema kidogo kuliko ulivyokadiria.

Scovia alikuwa mapumziko siku hiyo, akaja uwanjani na kujaza kadi huku barua yako iko mkononi. Aliifuata neno kwa neno, kwa namna yake. Akapatia mbio zote na kupewa runinga kubwa, chumbani kwao wamelazimika kuhamisha kitanda ili ipate pa kukaa. Anasema kama si wewe asingepata hata kijiko. Amekununulia kitenge.

Kuhusu yale uliyosema juu yake, niliyasoma kwa sauti chumbani kama ninavyosoma yote, na yeye alikuwa kwenye simu akisikiliza. Sikuona mtu aliyehuzunika. Kwa kweli kulipikwa pilau. Scovia aliniomba nirudie mara mbili ile sehemu ya "huyu hatafika."

Lakini Baba amenipigia yeye mwenyewe, jambo ambalo hajapata kufanya tangu nifike huku, akasema, "Shangazi amekataa," akakata. Sasa hapo ndipo penye shida. Nakuomba ulifikirie upya. Kidogo tu, Shangazi. Usije ukampenda kupita kiasi.

Wako mtiifu,
Levis


Chwele
20 Februari 2025

Levis,

Wesley alikuja. Tulimzika babu yake vizuri, kisha akakaa jikoni kwangu, nikampa chai na viazi, na mimi simlazimishi mgeni kusema. Nilimuuliza tu Shamsan alimaliza wa ngapi.

Akacheka mpaka akamwaga chai. Akasema, "Kwani Levis hajakushow? Alimaliza wa mwisho, Shangazi! Wa mwisho kabisa! Lakini usijali, hiyo ndiyo tunataka. Wewe ukisema farasi ni bure, sisi tunajua ndiye huyo. Hujatuangusha hata siku moja!"

Aliona ananisifu. Akanieleza kwamba mwezi wa Desemba mlichagua kwa dalili nilizowaandikia mkakosa mbio zote, na tangu hapo barua zangu husomwa kuanzia mwisho kwenda mwanzo, yule niliyemtukana zaidi ndiye huandikwa wa kwanza. Kwamba Dukhan alishinda huku joki amekaa tu kama abiria. Kwamba kuna watu Al Wakrah, watu ambao hawanijui, wanaongojea kusikia Shangazi wa Chwele amemtukana nani safari hii. Na kwamba nilipomkataa huyo msichana wako mlipika pilau, mkapeana mikono, mkasema ndoa imekubali.

Nimeumia, Levis. Sitalificha wala kulizungusha kama ulivyomzungusha Shamsan wako. Nilisimama pale Ngong Road miaka mingi nikiamini watu wananisikiliza. Juzi nimekaa kitandani nikawaza wale masaisi, walivyokuwa wakinizunguka kila Jumapili wakiuliza, "Mama, na leo ni nani?" na kukimbia. Walikuwa wakikimbilia wapi?

Basi nimefunga mdomo. Farasi sisemi, msichana sisemi, wala ndiyo wala hapana. Nimemwambia baba yako nimeondoa neno langu na sina jingine, mimi sasa ni bubu. Amefurahi kupata mwenzake.

Kitenge nimekipokea. Rangi ni nzuri.

Phoebe


Al Rayyan
7 Machi 2025

Kwako Shangazi yangu,

Nakusalimu kwa heshima zote. Huku Ramadhani imeanza, zamu zimebadilishwa, na Hamza, dereva wa Tanga, anatualika kufuturu ingawa sisi wengine tumekula mchana kutwa. Nimesikia kwa Baba kwamba goti linauma tena. Aliniambia hivi: "Goti."

Sina cha kujitetea. Niliona haya kukwambia, na kila nilivyochelewa ndivyo haya ilivyozidi. Wesley tumemnyima chai wiki nzima.

Ila kuna jambo moja Wesley hakukwambia kwa sababu hata yeye hajui kwamba analijua. Katika chumba hiki hatuna mama wa mtu yeyote. Barua yako ikifika Nick huzima redio, na Wesley, ambaye hanyamazi hata usingizini, hunyamaza. Farasi ni sababu tu. Uliposema mchungaji umempa misumari ndani ya bahasha, watu wazima walicheka mpaka mudir, msimamizi wa jengo, akaja kugonga mlango. Tangu unyamaze siku ni mbaya. Wameniuliza mara nyingi, "Ameandika?" na hawaulizi habari za mbio.

Sasa Scovia. Tiketi yake ni ya mwisho wa Aprili. Mwalimu wa Bubulo amepeleka sukari kwao. Nilidhani kwa kuwa umeondoa lile neno la kukataa, basi njia iko wazi, nikamwambia Baba atoe ng'ombe. Baba akajibu kwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kunipa: "Ng'ombe hatoki kwa bubu." Nick akasema tutunge barua kwa mwandiko wako. Scovia ndiye aliyemfokea. Akasema, "Wewe Nick, banange, hiyo ni laana! Mimi siingii kwenye boma ambalo shangazi amenyamaza. Afadhali anitukane."

Kwa hiyo sisi wote wawili tumekaa tu. Akirudi kwao bila neno lako, nimempoteza. Ukisema ndiyo, sikufichi, sote hapa tutaogopa, na mimi wa kwanza. Ukisema hapana, Baba hatoi ng'ombe. Sijui nikuombe nini, Shangazi. Ninampenda sana. Hilo tu ndilo ninaloweza kuandika likiwa limenyooka.

Levis


Chwele
13 Aprili 2025

Levis, mwana wa kaka yangu,

Hatujambo. Mvua imeshika. Paa la kanisa limekaa, na mchungaji ameanza kusema kwamba misumari ilikuwa wazo lake.

Barua yako niliisoma nikaiweka. Nikaisoma tena. Kisha nikamwambia baba yako anisindikize mpaka Lwakhakha, tukavuka, tukapanda gari mpaka kwao huyo msichana. Goti lilinitukana njia nzima. Sikwenda na mahari wala na neno. Nilikwenda kutazama, kwa sababu nimejua kosa langu liko wapi: nilimhukumu mtoto wa watu kwa karatasi, mimi niliyesema sishiki karatasi.

Yeye mwenyewe yuko huko kwenu, kwa hiyo nilimtazama shangazi yake. Jina lake ni Mariamu, mnene, ana sauti. Alinitengenezea kiti nje, akaniletea malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa karanga, akaniuliza moja kwa moja, "Huyo kijana wenu ni mtu wa namna gani?" Sukari ya mwalimu iko pale mezani, haijafunguliwa.

Nikaanza kukusifu. Nikasema Levis ni mchapa kazi, Levis ana heshima, Levis ataifikisha nyumba yake mbali. Mama Mariamu akatabasamu. Na hapo hapo nikakatiza, kwa sababu nilimkumbuka Shamsan. Nilikuwa nakuua kwa kinywa changu mwenyewe! Baba yako alinitazama, akashika kofia yake.

Nikageuza. Nikamwambia Mama Mariamu, futa yote niliyosema. Huyo kijana ni mvivu tangu tumboni, mama yake alichelewa kumzaa. Anakula mpaka sufuria inamwogopa. Akitumwa dukani anarudi na salamu za watu na bila chumvi. Haaminiki hata kwa barua. Nikaendelea hivyo mpaka jasho likanitoka, nikatafuta baya la mwisho na sikuliacha. Sijapata kumtukana farasi yeyote namna hiyo, Dukhan mwenyewe angeona wivu.

Mama Mariamu aliitazama ile sukari ya mwalimu. Nikadhani nimeharibu. Kisha akavuta kiti chake karibu na changu akasema, "Wa kwetu naye ni bure kabisa." Akaanza. Huyo Scovia huunguza maji. Huyo Scovia alipokuwa mdogo alimfukuza jogoo mpaka jogoo akahama kijiji. Huyo Scovia akiandika nyumbani anasema yuko sawa, na wao wanajua hayuko sawa, na hawawezi kufika. Hapo nikamshika mkono. Mwalimu wa Bubulo, akasema, yeye kila mtu humsifu, na ndiyo sababu yeye Mariamu hapati usingizi juu yake. Mtu akitukanwa vile na shangazi yake, akasema, huyo ana watu.

Tulishindana mpaka mifugo ikarudi. Baba yako aliongea. Alisema, "Levis pia anakoroma." Kila mtu akageuka kumtazama.

Sasa nakuandikia mbio zenu, na hii uisome kwa sauti chumbani, Nick azime redio. Ni mbio ndefu, hakuna aliyepima urefu wake. Uwanja una matope. Geti mlilopewa ni la nje kabisa, mbali na kila kitu, yeye atakuwa kwao na wewe Al Rayyan mpaka mkataba wako uishe. Mzigo ni mkubwa. Wewe huna mwendo, huna uso, na hujui kusema kweli mpaka ubanwe ukutani. Yeye ni mwepesi, ana haraka, na anacheka ovyo. Nimewatazama kila upande na sijaona hata sababu moja. Hamfai. Hamtafika hata kona ya kwanza, na mkifika mtafika mmekosana. Andika mahali.

Sina neno jema la kuwaambia, na msinitegee nitalisema siku ya harusi, nitakaa mbele kabisa na mdomo wangu nimeufunga kwa kile kitenge.

Ng'ombe wanatoka Jumamosi.

Shangazi yako,
Phoebe